Supu Ambayo Hakuna Aliyeitaja: Maisha ya Hezekiah Kingori Wambugu, 1979–2025

Mchungaji, wazee wetu, jamaa wa pande zote mbili, wenzake wa kazini na majirani wa Mukurweini, mimi ni Wachuka, dada mdogo wa marehemu, ninauza nyanya na vitunguu Kagio, na familia imenipa kazi hii ya kusoma maisha ya kaka yangu kwa sababu, wanasema, sauti yangu inafika nyuma hata stima ikipotea. Wale mlio na vijitabu vya ibada mtanifuata vizuri hadi mahali fulani, kisha mtapotea, kwa kuwa yaliyochapishwa humo na haya nitakayosoma hayafanani hadi mwisho, na sababu mtaijua tukifika kwenye ugonjwa.

Hezekiah Kingori Wambugu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, papa hapa Mukurweini, kifungua mimba wa marehemu baba yetu, Mzee Wambugu, na mama yetu Beth, ambaye yuko hapo mbele na shali ya kijivu. Alikua kati ya kahawa, migomba na ng'ombe wa maziwa, lakini shule yake ya kwanza ilikuwa nyanya yetu, cucu, ambaye alikuwa akienda naye kutafuta mizizi na magome ya kuchemsha, na kabla Kingori hajajua kusoma alikuwa anafumba macho, ananusa kipande cha gome na kukuambia ni la mti gani. Alijivunia jambo hilo hadi akatuchosha, kila mgeni aliyekuja kwetu alilazimishwa kumpa mtihani wa kunusa kabla ya kupewa chai.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1986, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akaenda shule ya upili ya bweni na kumaliza mwaka 1997 kwa alama ambazo baba alizitangaza kwa kila mtu pale tunapopeleka maziwa, hata kwa wale waliozisikia jana yake. Mwaka 1999 alijiunga na chuo kikuu Nairobi kusomea ufamasia, jambo ambalo baba hakulielewa vizuri, yeye alitaka daktari wa kupima watu kifua, na hadi alipofariki alikuwa anawaambia wenzake kwamba mtoto wake amesoma miaka yote hiyo ili ahesabu tembe. Kingori alicheka tu, kwa sababu alijua anachokitafuta. Alitaka kujua vile vyungu vya cucu vilikuwa na nini ndani.

Alihitimu mwaka 2004, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika famasi ya hospitali moja ya hapa mlimani, ambayo kamati imeniomba nisiitaje na mimi sitaitaja. Mwaka 2008, tarehe 6 Desemba, alifunga ndoa na Njoki, mwalimu kutoka Karatina, baada ya ruracio, sherehe ya mahari, iliyochukua mchana mzima kwa sababu ya baba yetu mdogo, Mzee Dedan, aliyekataa kufupisha hotuba yake, na Mungu akawabariki na watoto wawili, Wambugu mwaka 2010 na Beth mwaka 2013, ambao wako hapa na ambao baba yao aliwapenda kwa namna ya kuwauliza maswali mpaka wanakimbia.

Mwaka 2014 alirudi chuoni, na kuanzia hapo ndipo taabu yake ilipoanza, na ninasema taabu kwa sababu ndiyo neno lake. Yeye na mwenzake Raudha, mfamasia wa Nyeri mjini, walianza kuchunguza wagonjwa wa presha, sukari na kuganda kwa damu wanaotumia dawa za hospitali huku wanakunywa mitishamba nyumbani, kwa kuwa baadhi ya mitishamba inaongeza nguvu ya dawa na mingine inaipunguza, na hakuna aliyekuwa akijua ni ipi inamfanyia nani nini. Madaktari fulani wakamwambia anawapandisha hadhi waganga, waganga wakamwambia ametumwa kuwaharibia soko, na pande zote mbili zilikuwa zinamkosea, kwa maana Kingori hakuwa adui wa miti ya cucu hata siku moja, alichosema ni kwamba kama ina nguvu basi ina kipimo, na kama haina nguvu mbona mnaichemsha?

Lakini waliomtesa zaidi ni nyinyi. Msinune, na mimi nimo. Alizunguka Kagio, Wang'uru, Karatina na vijiji vyote hivi akiuliza mgonjwa, kuna dawa nyingine unatumia, na kila mahali jibu likawa ni hakuna. Mama mmoja wa Kagio, mteja wangu, alimjibu hakuna akiwa ameshika kikombe cha magome mkononi, na alipoulizwa hicho ni nini akashangaa, akasema, "Hii ni chai tu, daktari, si dawa. Dawa ni ile mlinipea." Shangazi yake Raudha kule mjini, anayemeza tembe za presha, alisema vivyo hivyo kuhusu habasoda na asali yake, ati hicho ni chakula. Mzee mmoja wa Wang'uru mwenye sukari alikana kabisa, kisha wakati wa kuagana akampa Kingori mfuko wa mizizi ampelekee mama watoto, kwa vile yeye mwenyewe imemsaidia sana.

Hawakuwa wanadanganya. Hilo ndilo kaka yangu alilogundua, na ndilo lililomkosesha usingizi, kwamba kwetu sisi kitu kilichopikwa jikoni, kikatiwa chumvi, kikaletwa na mtu anayekupenda, hakiitwi dawa, na supu ya mifupa iliyochemshwa na mizizi ni supu, utaitajaje kwa daktari? Basi akabadilisha swali. Akawa anauliza, "Nyumbani unapikiwa nini?" na watu wakafunguka, wakamwambia hadi nani alichimba na chungu ni cha nani. Alirudi na majibu hayo kwa furaha ya mtoto, akayaandika, yakachapishwa, yeye na Raudha wakaenda kuyasoma kwenye makongamano ya watu wenye tai, na mwaka 2018 akapewa shahada ya uzamifu.

Kisha akaomba kitu kimoja. Aliomba hospitali ile ile aliyofanyia kazi iongeze swali hilo moja kwenye fomu ya kumlaza mgonjwa. Aliambiwa ni wazo zuri sana. Aliambiwa alete pendekezo, akaleta, kamati ikasema lipelekwe kwa kamati nyingine, ile nyingine ikasema fomu zimeshachapishwa nyingi na haziwezi kutupwa, mkuu mmoja akahamishwa, aliyekuja akasema hajaona pendekezo lolote, na Kingori akaandika upya. Alipigiwa makofi Nairobi, na hapa nyumbani swali moja likashindwa kupata nafasi kwenye karatasi ambayo nusu yake ni tupu. Nilikuwa nikimwambia aachane nao, aje tuuze nyanya, naye anasema mwaka huu watakubali.

Sasa tumefika kwenye ugonjwa, na hapa fungeni vijitabu. Humo mmeandikiwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na Mzee Dedan, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ninayemheshimu, ndiye aliyeondoa niliyokuwa nimeandika, akisema mambo ya nyumbani hayasomwi mbele ya watu. Nitayasoma.

Tarehe 9 Novemba 2024 Kingori alianguka na bodaboda kwenye ile barabara yetu ya mteremko, akavunjika mguu, damu ikaganda kwenye mshipa wa mguu huo, akapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Ni dawa nzuri, lakini ni dawa ya kuchungwa, ikizidi nguvu damu inavuja pasipo jeraha. Kwa kuwa Njoki alikuwa anafundisha, alikuja kuuguzwa hapa kwa mama, na mama alifanya kile ambacho mama yeyote wa hapa angemfanyia mtu aliyevunjika mfupa, alimpikia supu. Mara ya kwanza Kingori alimwomba aache mizizi, na mama akaiacha, akapika mifupa mitupu, lakini alipoona mwana hapati nguvu akairudisha kidogo kidogo, akidhani kidogo haina neno.

Na kaka yangu akanywa. Mtu aliyeweza kutambua gome akiwa amefumba macho hangeweza kukosa kujua kilichomo kwenye kikombe kile. Alijua, akanywa, akamshukuru mama, na hakumwambia Njoki, wala Raudha, wala daktari wake. Nimemkasirikia kwa hilo, nimemkasirikia tangu siku ile hadi asubuhi ya leo, kwa sababu miaka yote alitukaripia tuseme, na zamu yake ilipofika alifanya kama mzee wa Wang'uru. Nadhani hakutaka kumvunja mama moyo. Nadhani pia ilikuwa tamu, ilikuwa supu ya cucu.

Tarehe 21 Januari 2025 alizimia, damu ilikuwa imevujia kichwani, akapelekwa hospitali ile ile, akafungua macho lakini hakuweza kusema neno. Kijana wa zamu alishika fomu, akamuuliza Njoki na mama kama mgonjwa anatumia dawa nyingine, Njoki akasema hakuna kwa sababu hakujua, na mama akasema hakuna kwa sababu, kwake, hakuna. Dawa ya damu ilisimamishwa, akatibiwa, akaanza kuwa na nafuu, akaweza kumeza, na kila wakati wa kuona wagonjwa mama alifika na flaski, akamnywesha kwa kijiko, mbele ya kila mtu. Wauguzi walimsifu kwa kumjali mtoto. Madaktari wakawa wanashangaa mbona damu yake haitulii.

Tarehe 1 Februari Raudha alifika kumwona, akaketi kando ya kitanda, akainusa ile flaski, na akamuuliza mama taratibu, kwa heshima, unampikia nini. Mama akamwambia yote. Akataja kila mzizi na kila gome, bila kuficha, bila kusita, alifurahi hata kwamba kuna mtu anataka kujua. Raudha, akijua baadhi ya mizizi hiyo huzuia damu kuganda hata bila dawa, alikimbia kumtafuta daktari, lakini jioni ile damu ilikuwa imevuja tena, na tarehe 2 Februari 2025 Hezekiah Kingori Wambugu akatuacha. Daktari alituambia wazi kwamba hawezi kuapa ni supu, huenda angefariki hata bila hiyo, na mimi namwamini. Alisema tu kwamba angetamani angejua mapema.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliofanya kazi kwa bidii na kuuliza kile walichoandikiwa kuuliza, tunawashukuru majirani waliotuletea kuni, maziwa na viti, wafanyakazi wenzake na wote waliotoka Nyeri mjini, Karatina, Kagio na Wang'uru, na Raudha, ambaye amesema ataipeleka ile fomu tena, na safari hii hataenda peke yake, mimi nitakuwa naye, na sauti yangu mmeisikia.

Mtaniuliza nimepata wapi ujasiri wa kusoma haya na mama ameketi hapo. Juzi, vijitabu vikiwa vimeshachapishwa, Mzee Dedan alipokuwa akiniambia nitamuua mama kwa aibu, mama mwenyewe aliingia kutoka jikoni, na kwa kuwa Raudha alikuwepo alisema kwa Kiswahili ili naye asikie. Alisema, "Andika ni mimi nilipika. Mtu wa hospitali aliniuliza dawa, nikamwambia hakuna, na hiyo ndiyo nilikuwa najua. Kama angeniuliza supu, ningemwambia. Wewe Dedan, ukitoa hiyo, mtakuwa mmezika Kingori na kazi yake kwa shimo moja." Kisha akarudi jikoni.

Kaka, ulizunguka mlima huu wote ukitafuta mtu mmoja wa kukujibu mbele ya watu. Mama amejibu. Sasa pumzika, Kingori, pumzika kwa amani.