Beseni la Karela

Kwenye kijiwe cha Nawazish, pale kona ya uwanja wa zamani wa mieleka, mjini Gujranwala, chai haitiwi sukari. Sukari ndiyo inayotiwa chai. Pana jiko, sufuria ya maziwa isiyopoa tangu alfajiri, benchi la mbao lililopinda katikati, na kitanda cha kamba ambacho wenyewe ni watatu tu. Mji ni wa wapigana mieleka na wapenda kula. Mtu mwembamba akipita huulizwa anaumwa nini, na kitambi huitwa afya. Juzi alipita muuguzi wa serikali, mkoba begani, akawaambia wale watatu kitandani kwamba nchini humu, kila watu wazima watatu, karibu mmoja ana ugonjwa wa sukari. Akaaga, akaenda zake. Wazee wakabaki kutazamana, kwa sababu walikuwa watatu.

Kanali alimtazama Nusu Daktari. Nusu Daktari akamtazama Kanali. Pahalwani aliitazama glasi yake ya chai, maana yeye huyo mmoja alikuwa anamjua.

Jina lake hasa ni Inayat, lakini tangu ujana wake, alipokuwa akiwabwaga watu mchangani kuanzia Sialkot mpaka Multan, hakuna anayemwita vingine ila Pahalwani, yaani mpigana mieleka. Mieleka aliacha, kula hakuacha. Asubuhi supu ya kongoro, mchana chapati za samli, jioni Mungu anajua. Baridi iliyopita daktari alimwambia ana sukari, tena ya muda mrefu, akampa vidonge, akamkataza kila kitu alichokipenda duniani isipokuwa mkewe. Vidonge anameza siku anazokumbuka. Siri ile walikaa nayo yeye na mama watoto, wala haikutoka nje. Leo mchana maji yalimfika shingoni, akaitema pale kijiweni mbele ya rafiki zake.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yake wa mwisho, Shagufta, amepata mchumba. Baba wa kijana, Haji Sadaqat wa Sialkot, anakuja baada ya sala ya alasiri na boksi la ladu, vile vitamutamu vya samli na sukari, kupanga siku ya harusi. Na desturi unaijua: mkwe humega ladu kwa mkono wake akakutia mdomoni, nawe unatafuna huku unacheka. Ukikataa, umeikataa furaha yake. Ukisema daktari amekukataza, hapo umejitangaza.

— Wakijua nyumba yangu ina sukari, alisema Pahalwani, watamtazama binti kama embe lenye funza. Mmesahau ya binti wa Mehdi? Baba mtu alionekana anajidunga sindano, wachumba wakabadili njia.

Hawakusahau. Binti wa Mehdi bado yuko kwao, anashona nguo za harusi za wenzake.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa Kanali. Huyu hajashika bunduki maisha yake yote. Alipika dengu kambini, akastaafu na masharubu ya afisa. Alianza kwa kukana kwamba ugonjwa upo. Babu yake alikunywa samli kwa bilauri, akafa kwa kuanguka kutoka juu ya paa akirusha tiara, sasa sukari iko wapi hapo? Kosa ni la mbolea, alisema. Baadaye kidogo akaiachia mbolea akazishika feni za dari: feni inalirudisha jasho mwilini, na jasho likirudi linageuka sukari.

— Linageukaje? Nawazish aliuliza kutoka jikoni.

— Wewe chemsha chai, sayansi tuachie wenyewe.

— Mimi naona amwambie Haji ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

— Hiyo ni methali ya malaria, alisema Kanali. Ya sukari ni dawa ya moto ni moto. Ale ladu mbili.

Nusu Daktari muda wote alikuwa anasubiri wajinga wamalize. Huyu alikuwa mlinzi wa zahanati. Kila aliyeingia alimwuliza anaumwa nini, na kila aliyetoka alimwuliza kapewa nini, basi udaktari wake wote aliusomea mlangoni. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

— Pahalwani, miguu inakufa ganzi?

— Tangu baridi. Juzi nimetoka msikitini na kandambili moja, nimefika nyumbani ndipo mama watoto ananiuliza ya pili iko wapi.

Kanali alicheka mpaka chai ikampalia. Pahalwani naye alicheka, ingawa siku yenyewe hakucheka. Siku yenyewe aliukanda ule unyayo muda mrefu, akauona kama ni wa mtu mwingine.

— Basi umeshapona nusu, alisema Nusu Daktari. Sukari ni nzito. Usipokoroga inakaa wapi? Chini ya glasi. Yako yote imeshuka nyayoni, imelala. Tunaitolea huko huko.

Akaeleza dawa, ingawa hakuna asiyeijua, hata shangazi yake Kanali aliifanya. Unaponda karela mbichi, zile zinazofanana na matango machungu, unaziweka kwenye beseni, unazikanyaga kwa miguu mitupu. Uchungu unapanda taratibu mwilini mpaka unauonja mdomoni. Ukishauonja, njia zote zimesafishwa. Ladu la Haji likishuka litakutana na uchungu njiani, vitamalizana vyenyewe.

— Na shangazi yako alipona? Pahalwani alimwuliza Kanali.

— Alikufa kwa kitu kingine.

Pahalwani si mjinga. Moyoni alijua kwamba karela ni mboga. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na alasiri ilikuwa inakaribia. Akasema haya, leteni. Kanali akavuka barabara hadi kwa muuza mboga, akarudi na karela za kujaza kikapu. Nawazish hakupenda kutoa beseni, maana lilikuwa moja tu, la kuoshea glasi, na asubuhi hiyo hiyo glasi ilikuwa imemponyoka ikavunjika humo. Aliokota vipande, akamwaga maji, akawapa huku ananung'unika kwamba walirudishe safi.

Pahalwani akavua viatu, akakunja suruali. Akasita kidogo ukingoni.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Kanali, akimwonyesha Nusu Daktari kuwa ndiye mkuu.

Akaingia. Karela zikapasuka chini yake, maji ya kijani yakaruka, na pale kitandani wakapiga makofi kama zamani. Alikanyaga kwa mwendo wa mieleka, kulia, kushoto, magoti yamekunjika kidogo, jasho likamtiririka kifuani. Hakusikia ubaridi wa beseni. Hakusikia karela. Alikuwa anasubiri uchungu ufike mdomoni, na alipokuwa akisubiri akamfikiria Shagufta. Binti hajaambiwa kitu. Lakini siku hizi akimpelekea baba yake maji ya kuoga huyapima joto kwanza kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga, kisha huondoka bila kusema neno. Mtu akifikiria jambo kama hilo atakanyaga hata miba.

— Umeonja?

— Bado.

— Kanyaga kwa imani. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu ndiyo niliyokatazwa, Nusu.

Akaendelea. Baada ya muda Kanali akainama, akakunja uso.

— Hebu tazama rangi. Inakuwa nyekundu.

Nusu Daktari alivaa miwani. Wasiwasi ulimpita usoni, ukapita upesi.

— Ndiyo yenyewe. Sukari ukiiunguza sufuriani inakuwa rangi gani?

— Nyekundu nyekundu hivi, alikiri Kanali.

— Na wale nzi wanaotua pale? Nzi hafuati uchungu. Inatoka, Pahalwani. Usiache sasa.

Pahalwani alifurahi jamani. Alifurahi mpaka akadanganya kwamba uchungu umeshamfika kooni, akaongeza nguvu, akawa anakanyaga na kucheka, na Kanali naye akacheka. Nawazish peke yake aliacha kukoroga chai. Alikuwa anajaribu kukumbuka ile glasi, kama alikiokota kitako chake.

Ndipo bajaji ikasimama kwenye kona, na Haji Sadaqat akashuka, kilemba cheupe, boksi mkononi, mapema kuliko walivyomtarajia. Pahalwani hakuwa na pa kukimbilia. Akafungua mikono yake mikubwa akiwa ndani ya beseni.

— Karibu, Haji. Tulikuwa tunapoza miguu, na joto hili.

Haji alicheka, mtu wa watu. Hakutaka hata kufika nyumbani kwanza. Akafungua boksi pale pale, akamega ladu kwa vidole vitatu, akanyoosha mkono, na Pahalwani akafumbua mdomo kama desturi inavyotaka. Ladu halikufika. Macho ya Haji yalikuwa yameshuka kwenye beseni.

— Pahalwani, kwani husikii maumivu?

Swali dogo namna hiyo. Kanali alimtazama Nusu Daktari, na Nusu Daktari, mwenye jibu la kila kitu, aliwatazama nzi. Chai ikachemka ikamwagikia jikoni, wala Nawazish hakuitoa.

Pahalwani akainua mguu wa kulia, akishika bega la Kanali. Kitako cha glasi kilikuwa kimezama kwenye unyayo, mbegu za karela zimeganda pembeni, na damu inashuka kisiginoni. Aliona vizuri kabisa. Aliyatafuta maumivu, aliyatafuta kwa bidii, akarudi mikono mitupu. Huyu ni mtu aliyewahi kuvunjwa mtulinga mbele ya mji mzima akasimama akamaliza pambano. Sasa aliogopa, na woga ulionekana usoni mwake.

— Sisikii, Haji, alisema. Sisikii kitu.

Kisha akakumbuka kilichomleta ndani ya lile beseni.

— Binti ni mzima. Wallahi ni mzima. Ni mimi tu.

Haji Sadaqat alilirudisha ladu kwenye boksi, akampa Kanali ashike. Akavua kilemba chake. Akapiga magoti pale kwenye tope la karela, mtu mzima na nguo zake za posa, akaufunga ule mguu raundi baada ya raundi, bila kukigusa kile kioo, na kitambaa kikawa kinalowa.

— Marehemu mke wangu alianza na mwiba, hakuusikia, alisema bila kuinua kichwa. Nasi tulificha. Tulikuwa tunamwoza binti.

Pahalwani alianza kusema habari za harusi, za siku. Haji alimwelewa.

— Harusi itaungoja mguu, kaka. Mguu hautaingoja harusi. Nawazish, ikimbilie ile bajaji kabla haijageuza.

Wakampakia watu wanne wakihema, bajaji ikazama upande mmoja. Haji akaingia akakaa naye, akaupakata ule mguu mapajani mwake. Nawazish alikuwa anasema samahani, anasema tena samahani, na Pahalwani akamshika mkono akamwambia glasi haina kosa. Dereva akawa anahangaika na injini inayokataa kuwaka, kwa hiyo Pahalwani alipata nafasi ya kugeuka akakitazama kijiwe chake.

Boksi la ladu lilikuwa juu ya kitanda, hakuna aliyeligusa. Nusu Daktari alikuwa amekaa kando yake. Alikuwa amevua kiatu kimoja na soksi, mguu umenyooshwa kwa Kanali, na uso ameugeuzia upande wa uwanja wa mieleka ambako hakukuwa na mtu.

— Finya kidole gumba, alikuwa anasema. Finya hasa, usinionee haya.

Kanali alikishika kile kidole, akafinya mpaka masharubu yakamtetemeka, mpaka kucha zake mwenyewe zikawa nyeupe.

— Haya basi, alisema Nusu Daktari, bado anatazama uwanjani. Anza.