Gari la Abdulhadi Limepona

Baraza yetu ya Kibokoni ni ya mawe, imepakwa chokaa, na huchukua watu watano wakipendana au watatu wakinuniana. Mbele yake ndipo hulala gari la Abdulhadi, jeupe, la Kijapani, lililoteremshwa bandarini likiwa lishachoka, na sasa lina miaka kumi na tisa hapa kwetu. Likiwashwa, mwanamke wa Kijapani husema maneno mawili matatu kwa sauti ya upole, kisha hunyamaza, na hatujapata kujua asemalo. Alasiri ikishasaliwa, upepo wa bandari ya kale huingia kichochoroni, nawe ukishika kikombe cha kahawa tungu hujui kama u macho au walala. Mimi huitwa Mwalimu kwa kuwa nilisomesha jiografia kule Tudor miaka thelathini, na nasema mapema kwamba katika habari hii mimi nami nina makosa.

Siku hiyo, Alhamisi, Abdulhadi alishuka ngazi polepole kwa ajili ya goti lake, akaketi, akapokea kikombe, akanywa funda moja.

— Gari langu limepona.

Ugonjwa tuliujua sote. Rejeta ilikuwa ikivuja nusu mwaka mzima. Kutoka Marikiti kuja nyumbani gari lilisimama mara mbili likifuka moshi, na watu wa dukani wakatoka kutazama. Fundi alisema rejeta ibadilishwe kabla gasketi haijaungua, lakini mwezi huo ulikuwa wa breki, uliotangulia ulikuwa wa bima, na uliokuja ukawa wa magurudumu. Gari kuukuu halimpi mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Abdulhadi akasema rejeta ingoje.

— Siku arubaini sijalitia hata tone. Nikifungua, limejaa pomoni.

Na kesho yake, Ijumaa, alikuwa na safari. Kitindamimba wake, Mahira, alikuwa akipelekwa kwa mumewe Malindi, na babake aliapa kumpeleka mwenyewe katika gari hilo, kama alivyowapeleka dada zake wawili. Watu wa bwana harusi walitaka kuleta gari lao jipya. Akawarudisha kwa maneno mazuri.

Khubaib, bawabu wa msikiti, tunayemwita Funguo kwa sababu ya shada la funguo lisilombanduka kiunoni, ndiye aliyeanza kutupa sababu.

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Gari nalo umelisifu mno, likajitia lenyewe.

Hakuna aliyemsahihisha. Mzamil, muuza udi, alitikisa kichwa.

— La. Ni chumvi hiyo. Chumvi ya pwani hula chuma, lakini ikishashiba huziba tundu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha kutu? akauliza Khubaib.

— Cha chochote. Methali haikutaja.

Mimi nikaleta ya kwangu, tena kwa kirefu, kama niko darasani. Niliwaeleza kwamba upepo wa usiku una unyevu, nao hupenya kwenye meno ya mbele ya gari, ukikuta chuma baridi hugeuka maji, na maji hutiririka rejetani, kwa hivyo gari la Abdulhadi lilikuwa likivuna mawingu kama mlima. Hawakufahamu kitu, wakakubali.

Ukweli wangu ni huu. Ni mimi niliyekuwa nikilitia. Kila nikitoka msikitini alfajiri nilipitia pale na chupa ya maji chini ya kanzu, nikafungua boneti, nikaongeza, nikaenda zangu. Kila siku lilitaka kikombe kimoja tu, nami nikaona tundu ni dogo na Malindi si mbali. Sikumwambia mtu. Sadaka mkono wa kulia hutoa, wa kushoto usijue, na ukishaitangaza umeila mwenyewe.

Abdulhadi alitusikiliza huku akitabasamu, kikombe kimetulia juu ya goti.

— Hizo zote ni hekaya zenu. Miye namjua atiaye maji.

Sote watatu tukaviinamia vikombe vyetu.

— Ni Areej.

Areej alikuwa mkewe. Alifariki mwaka wa tatu sasa. Katika uhai wake yeye ndiye aliyelilisha na kulinywesha gari lile, maana Abdulhadi ni msahaulifu tangu ujana. Aliteremka na jagi baada ya alfajiri, mumewe akiwa amejinyoosha tena, akafanya kazi yake akarudi juu bila neno.

— Tangu goti linishike nasali nyumbani, kisha nalala pale chini ya dirisha. Nasikia boneti yafunguliwa polepole, vile vile alivyokuwa akiifungua, asiniamshe. Siku nyingine nasikia bangili zake. Siku nyingine harufu ya udi yapanda mpaka dirishani.

Khubaib alizishika funguo zake kiunoni zisilie. Mzamil aliinusa kanzu yake begani, taratibu, kana kwamba ni ya kuazima.

— Na siku nyingine akohoa. Mwajua Areej alikuwa na kifua.

Kikohozi changu cha miaka kikanijia pale pale. Nilikizuia mpaka machozi yakanitoka, na Abdulhadi akadhani namlilia marehemu, akanipigapiga mgongo. Huenda nilikuwa nikimlilia kweli.

Tulitazamana, mimi, Mzamil na Khubaib. Chupa zilikuwa tatu, kila moja na wakati wake. Kila mmoja alilikuta gari limepungukiwa kikombe kwa sababu mwenzake ameshapita, na kila mmoja alienda nyumbani akiamini tundu linajifunga.

— Hujachungulia kamwe? Mzamil akamwuliza.

— Nichungulie nini? Nikichungulia, akaondoka je? Kesho yuwaja na siye mpaka Malindi. Nimemwekea nafasi kiti cha nyuma, kando ya mwanawe.

Wallahi nilitamani ardhi inifunike. Tukisema, tumemfisha Areej mara ya pili, tena mbele ya kahawa. Tukinyamaza, bibi harusi ataketishwa kando ya barabara na hina yake mkononi, na wa kumwokota watakuwa wale wale waliokataliwa gari lao.

Ndipo alipofika Mwikali, fundi kutoka Ganjoni, mwanamke mrefu mwenye ovaroli na kisanduku cha spana. Mahira alimpigia simu kwa siri aje atazame breki kabla ya safari. Alituamkia vizuri, akakataa kahawa kwa adabu, akaambiwa kwamba gari limepona. Akafungua boneti, akawasha tochi, akainama akapapasa chini. Alikawia huko.

— Wazee, rejeta bado inavuja. Hapa mjini inaweza kuvumilia. Ikishika moto barabarani, Kilifi haifiki.

— Lakini alfajiri huwa imejaa, akasema Abdulhadi.

— Sawa, mzee. Na kesho ikishatoka hapa, huko njiani nani ataitia?

Baraza yetu haijapata kukosa jibu. Tumejibu habari za mwezi, za bei ya sukari, za samaki aliyepotea bahari hii. Safari hii Khubaib alitazama viatu vyake, Mzamil akatazama ukuta, na mimi nikajitia kutafuta kitu mfukoni. Abdulhadi alitungoja. Alimtazama Funguo, akamtazama muuza udi, akanitazama mimi, na kwangu macho yake yalikaa sana. Kisha akainua kichwa kulitazama dirisha lake, na midomo ikamchezacheza kidogo bila sauti.

— Mwanangu, akamwambia Mwikali, ing'oe hiyo rejeta, utie nyingine leo leo. Areej amechoka. Na apumzike.

Akampa ufunguo. Halafu akalichukua dele la kahawa, yeye aliye mkubwa wetu na ambaye hajawahi kummiminia mtu pale barazani, akatumiminia mmoja mmoja, sote watatu, wala hakumwaga tone.