Dawa Iliyofundishwa Kusema "Sijui"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo chetu, Ndugu Boaz, waheshimiwa viongozi wa dini na wa serikali, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliotoka Ngokolo na Maganzo, nanyi mliopanda basi alfajiri kutoka Ushirombo, na ninyi wahitimu, ambao leo ndio wenye shughuli. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine wote, kwa salamu ya Kisukuma, mwangaluka!

Mmeitikia vizuri. Wasumbwa nao nimewasikia kule nyuma.

Mimi ni Mwalimu Paskalina, Mama Kamili kwa wengi wenu. Nafundisha hapa Kambarage kozi yenye jina refu: utengenezaji wa programu za tovuti zinazotumia hifadhidata. Asubuhi hii mzazi mmoja amenisimamisha getini akaniuliza, "Mwalimu, kwani hawa wamesomea kufungua intaneti?" Hapana, baba. Kufungua walikuja wanajua. Wamesomea kujenga kile ambacho wewe unakifungua, na kukifanya kikumbuke kilichoambiwa jana. Lakini najua maelezo hayo hayashibishi, kwa hiyo mniruhusu niwasimulie habari ya mhitimu mmoja, na kwa ruhusa yake nitamtaja jina. Dorika, simama kidogo wakuone. Ahsante, kaa.

Dorika ni binti wa wakulima wa Bukombe. Kabla hajaja kwetu alikuwa akishona nguo kwa dada yake, Ngokolo. Msimu mmoja wa palizi, kaka yake Januari aliumwa na nyoka shambani. Majirani walifanya yote yaliyo sahihi: hawakumchanja kwa wembe, hawakumfunga kamba, walimlaza, wakamtafutia pikipiki. Wakapiga simu huku na huku kuuliza dawa ya sumu ya nyoka iko wapi. Mtu akawaambia, "Ipo kwenye zahanati fulani." Wakaenda, imeisha. Wakaelekezwa pengine; haikuwahi kufika. Walipoifikia hospitali yenye dawa, maisha ya Januari yaliokoka lakini mguu haukuokoka. Yuko hapa leo. Shikamoo ya heshima kwako, kaka yetu, ingawa umri unanikatalia.

Sasa nisikilizeni. Dorika alipokwenda kumwona hospitalini, alikuwa amejaa hasira. Akasema, "Yule aliyesema dawa ipo, alitudanganya." Januari akamjibu, "Hakudanganya. Wiki iliyopita ilikuwepo." Neno hilo lilimkaa kichwani. Alipojiunga na kozi, siku ya kwanza kabisa, wakati wenzake wananiuliza watapata vyeti lini, yeye alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, ukweli una umri?"

Nilimwambia tuendelee na somo, tutaona.

Somo lenyewe ni hili. Mfyatua matofali ana kalibu moja. Kutoka kwenye kalibu hiyo hutoka matofali mengi, kila moja tofali lake. Nasi katika kompyuta tunatengeneza kalibu. Tukiwa na kalibu ya dawa, tunatoa dawa hii ya zahanati hii na dawa ile ya zahanati ile. Ila kuna jambo ambalo tofali haliwezi: kitu chetu kinabeba habari zake, na papo hapo kinabeba mambo kinayojua kuyafanya. Unaweza kukiuliza, nacho kikajibu. Dorika aliposikia hivyo aliacha kuandika, akabaki kuukodolea macho ubao.

Akajenga tovuti yake ya kwanza. Akazunguka kwenye zahanati za kwao akiomba wahudumu waingize taarifa za dawa kwa simu zao. Muuguzi Melania, ambaye naye tunaye hapa, alikuwa wa kwanza kukubali. Unafungua ukurasa, unaona jina la zahanati, na rangi ya kijani inakwambia: dawa ipo. Darasa zima tulimpigia makofi.

Makofi hayakudumu. Melania alimpigia simu, na sauti yake haikuwa ya utani. "Binti, umeniletea baba na mtoto aliyeumwa. Wameipita hospitali wakaja kwangu kwa sababu ya hiyo kijani yako. Dawa nimeitumia Jumapili, mtandao ulikuwa chini, sikuweza kubadilisha."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima. Nyoka hakuwa na sumu. Lakini je, angekuwa nayo?"

Dorika aliizima tovuti mchana ule ule. Akaja ofisini kwangu, macho mekundu, akasema anarudi kwenye cherehani. "Mimi nimekuwa yule mtu aliyesema ipo," aliniambia. Sikumbembeleza, maana alikuwa anasema kweli, na kweli haibembelezwi. Nilimuuliza tu, "Ile dawa, katika kalibu yako, inajua nini kuhusu yenyewe?"

Akafikiri. "Inajua jina lake. Inajua iko wapi. Inajua kama ipo au haipo."

"Na kitu gani haikijui?"

Akasema taratibu, "Haijui mhudumu aliihakiki lini mara ya mwisho."

Hakurudi kwenye cherehani. Alirudi kwenye kompyuta, akaipa dawa uwezo mpya: kabla haijajibu, ijichunguze kwanza. Kama mhudumu ameithibitisha hivi karibuni, iseme ipo au haipo. Kama taarifa imelala, isithubutu. Iandike kwa herufi kubwa, "SIJUI. PIGA SIMU KABLA YA KUONDOKA," na hapo hapo iweke namba ya muuguzi wa zamu.

Darasani palichafuka. Adam, kijana wetu wa Maganzo, ambaye kwao wanauza almasi na anajua biashara tangu utotoni, alisimama. "Dada Dorika, nani atafungua tovuti inayosema sijui? Mteja ukimwambia hujui, anakwenda duka la pili!"

Dorika akamjibu bila kupandisha sauti, "Kaka yangu angeifungua. Angekuwa na miguu miwili."

Adam aliketi. Na niwaambie sifa ya Adam, kwa sababu kushindwa hoja si aibu, aibu ni kung'ang'ania: wiki hiyo hiyo aliomba kumsaidia. Akatumia somo letu la urithi, ambamo kalibu ndogo hurithi tabia za kalibu kubwa, akaongeza chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuhitaji kuifundisha upya. Ilizaliwa ikiwa tayari na ile tabia ya kukiri isipojua. Alikuja kunionyesha akicheka kama mtu aliyeokota jiwe linalong'aa.

Mvua za mwaka huu, Mama Vumilia wa kijiji jirani na kwao Dorika aliumwa na nyoka akiokota kuni. Mumewe, Mzee Mabula, akampakia kwenye pikipiki, na wakiwa njiani akafungua ukurasa ule. Zahanati iliyo karibu naye ikamjibu: sijui, piga simu. Akapiga. Melania akapokea. "Msije kwangu, imeisha. Geuzeni, nendeni kituo cha afya cha barabara kuu, wameletewa. Nawapigia sasa hivi wajiandae." Pikipiki ikageuzwa hapo hapo njiani. Walipofika, walikuta mlango uko wazi na dawa iko mezani.

Mama Vumilia, usisimame, mama, pumzika. Pungia mkono tu.

Huyo ndiye. Mzima, na mguu wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunawasifu wataalamu kwa majibu yao. Mimi nawasifu wahitimu hawa kwa maswali yao. Je, ni nani katika ofisi zetu amewahi kuuliza taarifa iliyo ukutani imelala hapo tangu lini? Ni nani anayethubutu kuandika "sijui" kwa herufi kubwa, halafu aweke namba ya simu? Dorika, sikukufundisha jambo hilo. Nilikufundisha kalibu. Lililobaki ulikuja nalo kutoka kwenye kitanda cha kaka yako.

Wazazi, nawashukuru kwa kutuamini na kutukabidhi watoto wenu. Wahudumu wa afya, nawashukuru kwa kupokea simu. Ndugu Boaz, nakushukuru kwa jenereta iliyotuwashia kompyuta kila umeme ulipokatika.

Na habari ya mwisho. Muuguzi Melania amejiandikisha katika kozi yetu ya Jumamosi. Nilimuuliza anataka nini, wakati kazi anayo. Akasema, "Mwalimu, kila mara hiyo tovuti inasubiri mimi niikumbuke. Haiwezi yenyewe kuniuliza?"

Melania, njoo na swali hilo hilo. Kiti cha mbele ni chako.

Wabeja sana, ahsanteni sana, na Mungu awalipe kwa masikio mliyonipa.