Mwalimu Honorata na Mchezo wa Kila Mtu Kwake

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ujiji, Kasingirima, Simbo, na ninyi mlioko ziwani na redio imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, karibuni. Leo tunamkumbuka Mwalimu Honorata Gasper, mwalimu wa chekechea wa Kibirizi, tuliyemzika Jumamosi. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: ni Mwalimu Honorata, yule wa chekechea.

Darasa lake lilikuwa banda la nyasi karibu na maji, jirani na wanaoanika dagaa. Watoto walisoma wakinuka dagaa, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka wa tisini na nne banda likajaa. Burundi kulikuwa na vita, na watu walishuka kutoka milimani na mizigo kichwani. Wenyeji wengine wakanung'unika, "Honorata, hawa wote utawaweka wapi?" Naye akawajibu, "Kwani nimewapa ninyi muwabebe? Sogeeni huko."

Somo alilolipenda lilikuwa makazi ya wanyama. Ziwa hakulichora ubaoni. "Nilichore la nini, na lile pale?" Alifundisha kwa mchezo. Kila mtoto alikuwa na mnyama wake. Nyuki walikimbilia mzinga mkuukuu uliolala nyuma ya banda. Mchwa walikimbilia kichuguu. Vifaranga walijificha chini ya khanga ya mwalimu. Samaki na kiboko walikwenda ziwani, kwa sharti moja: nyayo zilowe, magoti yabaki makavu. Mwalimu akipaza sauti, "Kila mtu kwake!", unaona vumbi tu.

Sasa mwekeni moyoni mtoto mmoja. Iradukunda, msichana wa miaka mitano. Aliletwa na bibi yake, Bibi Hatungimana, mkimbizi. Wazazi wa mtoto hawakujulikana walipo. Regina, binti wa mwalimu, alikuwepo siku hiyo, na anayakumbuka maneno ya yule bibi: "Mwalimu, mimi nimebaki na huyu tu. Nakuachia wewe."

Iradukunda alikuwa hasemi. Wenzake wanaimba, yeye kimya. Siku alipoulizwa anataka kuwa mnyama gani, akanyoosha kidole kwenye picha ya kiboko. Mdogo kuliko wote, kachagua mkubwa kuliko wote! Darasa zima likaangua kicheko, na yeye akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza pale. Tangu hapo kiboko ni yeye, na amri ikitoka, ni mbio hadi majini.

Lakini ninyi watu wa ziwani mnamjua kiboko. Majini ni mchana. Usiku anapanda nchi kavu kula. Na ole wako asubuhi akikukuta umesimama kati yake na maji! Honorata, mzaliwa wa hapa, alilijua hilo tangu utotoni. Ila kwa watoto wadogo alifupisha somo: kiboko anaishi ziwani, basi.

Asubuhi moja watoto walikuwa uwanjani. Yakasikika madebe. Watu wa mashamba ya juu walikuwa wamemkuta kiboko kwenye mihogo, na wakawa wanamfukuza. Mwalimu akaona matete yakitikisika. Kisha akaona kichwa. Mama yangu! Watoto wametapakaa kila upande. Mdomo ukatoa kile ulichokizoea.

"Kila mtu kwake!"

Na watoto wakatii. Hawa nyuma ya mzinga, wale nyuma ya kichuguu, samaki siku hiyo walikuwa hawajafika, vifaranga chini ya khanga. Uwanja ukabaki mweupe. Mwalimu akashusha pumzi. Halafu akaliona gauni la njano linakwenda mbio ziwani.

Alikuwa Iradukunda. Kiboko wa darasa alikuwa anakwenda kwake, na kiboko wa kweli anakwenda kwake. Njia ilikuwa moja.

Mwalimu akapiga hesabu upesi, kama alivyomsimulia Regina baadaye. Akimwambia simama, mtoto atasimama palepale njiani. Akimkimbilia, vifaranga wote watamfuata, maana ndivyo alivyowafundisha mwenyewe. Akaitandaza khanga kwa mikono miwili, upande mmoja ukabaki wazi.

"Iradukunda! Leo wewe ni kifaranga! Ngwino, mwana wanje!" Njoo, mwanangu. Kiha cha mwalimu na Kirundi cha mtoto ni ndugu, akamwelewa.

Mtoto akageuka, nyayo zimeshalowa. "Mimi kiboko," akasema.

Ndiyo, wasikilizaji. Siku zote kimya, leo ndiyo anabisha!

"Kiboko leo ni yule, mama. Wewe kifaranga. Kifaranga kwake wapi?"

Madebe yalikuwa yanakaribia. Mtoto akaitazama khanga. Akakimbia kwa kufuata ukingo wa maji, akaja akaingia, akamkumbatia mwalimu mguu. Kiboko akapita kwa kishindo na kujitupa ziwani, palepale zilipokuwa nyayo za mtoto.

Jioni ile Honorata alikwenda kwa Bibi Hatungimana. Hakuzunguka. "Mimi ndiye niliyemtuma mtoto wako kwenye njia ya kiboko."

Bibi akauliza, "Na aliyemtoa?"

"Ni mimi."

"Basi kesho atakuja."

Tangu siku hiyo mwalimu hakusema tena "Kila mtu kwake." Alisema, "Wote kwangu."

Miaka ikapita. Likaja tangazo: wakimbizi wanaoishi mitaani wahamie kambini. Iradukunda akiwa juu ya lori na bibi yake, akainama, akauliza, "Mwalimu, leo mimi ni nani?" Honorata akafungua mdomo kumjibu. Lori likaondoka. Regina anasema, "Swali lile lilimkaa mama rohoni. Akipika analo, akilala analo."

Mwezi uliopita mwalimu alikuwa kitandani, macho hayaoni vizuri. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kapanda mabasi siku nzima. Mwalimu akauliza, "Nani huyo?"

Akajibiwa, "Kifaranga, mwalimu."

Mwalimu Honorata akainua pindo la khanga aliyojifunika. Yule mama wa watoto watatu akapiga magoti, akaingiza kichwa humo, na wote wawili wakalia.

Regina, na ukoo wote wa mzee Gasper, poleni sana. Iradukunda, pole nawe, kwani na wewe umefiwa na mama. Mungu amlaze mwalimu wetu pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Ni rahisi kumwambia mtu aende kwao. Mwalimu Honorata alilisema neno hilo mara moja vibaya, na likamtosha. Kabla hujalisema wewe, tazama kwanza njiani kuna nini. Ukiona kiboko, fungua khanga.