Dada Yetu, Fundi Umeme Aliyekataa Kusema Ilikuwa Sigara

Dada yetu, ambaye karakana nzima ilimjua kwa jina la Mama Fyuzi, alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo ambako baba yetu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa kifungua mimba katika watoto watano. Mimi ninayewasomea ni kitinda mimba, na mgongo wa kwanza ninaoukumbuka ni wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya baba, ile moja tuliyokuwa nayo, akaitandaza vipande vipande juu ya mkeka. Baba aliporudi kazini alisimama mlangoni, akatazama, kisha akasema, "Aliyeifungua ndiye atakayeifunga." Ilimchukua siku tatu. Redio ikasema tena, lakini tangu siku hiyo ikawa inashika stesheni moja tu. Mama alipolalamika kwamba hasikii tena muziki, baba alimjibu, "Mwache mtoto. Habari si tunapata?"

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, akajiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme wa magari, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na wawili. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kama amekosea mlango, maana darasa la ushonaji lilikuwa upande wa pili. Akajibu, "Ushonaji nimeuacha nyumbani kwa baba." Alihitimu mwaka 1988, akiwa wa pili darasani.

Aliajiriwa kwanza katika gereji ndogo ya mabasi, na tarehe 3 Mei 1994 akahamia kampuni ya kusafirisha mizigo, alikofanya kazi miaka ishirini na minane. Kabla ya kushika kifaa chochote alikuwa na kawaida ya kupitisha mgongo wa kiganja juu ya nyaya, kama mama anayepima homa ya mtoto. Mwaka 2006 alifanywa mkuu wa umeme. Kuanzia hapo hakuna lori lililotoka getini bila sahihi yake kwenye fomu ya ukaguzi.

Shemeji yetu alikuwa dereva pale pale. Mwaka 1995 taa za lori lake zilianza kufa kila wiki. Mara ya nne dada alimwambia, "Fyuzi hii haijaungua, imechomolewa. Kama una neno, sema, usilitese gari." Shemeji akasema. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1996, wakajaliwa watoto watatu. Wa pili, binti, alifariki akiwa na miezi minane. Dada alipoulizwa ana watoto wangapi, alijibu watatu mpaka mwisho.

Sehemu inayofuata ameniamuru niisome. Wiki mbili kabla ya kufariki alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, usinipake rangi. Soma na ile sahihi." Nilimwahidi.

Mwaka 2017 kampuni ilinunua malori mapya kumi na mawili ya aina moja. Februari 2019, chini ya kibini, chumba cha dereva, katika mojawapo, dada aliona waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata ya kuwashia injini ukisuguana na chuma cha fremu. Mpira wake ulikuwa umelika hadi shaba ikaanza kuonekana. Aliangalia mengine, akakuta hali ni ile ile. Aliandika kwenye daftari la matengenezo, akamwandikia na wakala aliyeyauza. Wakala alijibu kwa mistari mitatu kwamba tatizo ni matumizi mabaya. Meneja wake alicheka: "Mama Fyuzi, magari haya hata nailoni za viti hazijatoka, wewe umeshayafanya wagonjwa!"

Hakungoja tena. Alikata vipande vya mpira wa bomba la maji, akavizungusha kwenye waya wa kila lori kadiri malori yalivyokuwa yakirudi kutoka safari. Alimaliza kumi na moja. La kumi na mbili liliingia Ijumaa, tarehe 6 Septemba, likapakiwa mzigo papo hapo. Meneja alimletea fomu. "Hili moja tu," alimwambia. "Likirudi Jumatatu, ni lako siku nzima." Dada akatia sahihi.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2019, lori lilirudi, likaegeshwa uani kusubiri zamu ya kushusha. Dereva alijilaza kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti. Saa saba mchana moshi ulianza kutoka chini ya kibini. Dada alikuwa anakula. Alikimbia, akakuta milango haifunguki, akavunja kioo kwa mpini wa jeki na kujiingiza hadi kiunoni katika ule moshi wa plastiki. Yeye na fundi wa breki walimvuta dereva nje. Dereva aliishi siku nne. Alifariki Ijumaa, tarehe 13.

Ripoti ya kwanza ya kampuni ilisema dereva alilala na sigara mkononi. Dada aliletewa aisaini kama shahidi. Alisema, "Huyu hakuvuta sigara hata ya kuonja. Sahihi moja imenitosha." Aliwapelekea wakaguzi wa serikali waya ulioungua, nakala za daftari na picha za malori yale kumi na moja. Alihamishiwa stoo, akakaa miezi kumi akihesabu balbu. Hakurudi nyuma.

Kabla ya yote hayo alikwenda kwa mjane wa dereva. Nilimsindikiza. Hakukubali kuketi. Alisema, "Mume wako hakuwa na sigara. Waya ulilika, mimi niliuona kwenye mengine, na lile lake nikaliruhusu litoke." Mjane alimvuta karibu mwanawe, aliyekuwa amemshika upindo wa kanga. Kisha akasema, "Sikufukuzi. Lakini leo nenda." Tulipofika kituoni aliketi ukingoni mwa barabara akalia, dada yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia isipokuwa msibani.

Tarehe 22 Aprili 2021 kiwanda kilichounda malori kilitangaza kwamba malori yote ya aina ile, zaidi ya elfu nne, yarudishwe yabadilishwe waya kwa sababu ya hatari ya moto, na kwamba hadi hapo yasiegeshwe ndani ya jengo wala mtu asilale ndani yake. Tangazo lilibandikwa ukutani mwa karakana. Mafundi walimpigia makofi. Aliwaomba waache. "Limechelewa mwaka mmoja na miezi saba," alisema, akaenda kuvaa ovaroli. Malori kumi na moja ya kampuni aliyabadilisha waya kwa mikono yake, kila baada ya dakika chache akisimama kukohoa.

Kikohozi kile hakikumwacha tangu siku ya moto. Mwaka 2022 madaktari walisema mapafu yana makovu, akaacha kazi. Tangu Januari mwaka huu alipumua kwa msaada wa mashine nyumbani. Muuguzi alipoichomeka mara ya kwanza, mgonjwa alimwambia, "Mwanangu, soketi hiyo inacheza. Niletee bisibisi." Aliikaza mwenyewe.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, shemeji akiwa amemwegemeza kifuani.

Ameacha mume, wapwa zangu wawili, mjukuu mmoja, na sisi wadogo zake wanne. Ni lazima niongeze mtu mmoja. Mjane wa dereva alikuja miaka miwili baada ya siku ile tuliyomwendea, bila kuitwa, na dada alipozidiwa akawa anamwogesha siku ambazo sisi tulikuwa kazini. Jana nilimuuliza nimwandike kama nani katika orodha hii. Alifikiri, akasema, "Andika mdogo wake."

Nimeandika. Ameacha wadogo watano. Mungu ampokee, ampe amani, apumue bila shida.