Majina Mawili ya Mwaba Kapya

Risala ya wafanyakazi wa Kituo cha Uchumi wa Afya, Lubumbashi, kwa mgeni rasmi, Citoyen Kamishna, Juni 1976

Mgeni rasmi, Citoyen Kamishna. Citoyen Mkurugenzi wetu. Viongozi wa chama na wa mji. Wageni wetu wote,

MAKARIBISHO

Karibu kwetu. Kituo hiki hakijawahi kupokea mkubwa wa cheo chako, na furaha yetu unaiona bila kuambiwa. Citoyenne Kulthumu, daktilo wetu, yaani mpiga taipu, amevaa leo kitenge alichokuwa amekiweka kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Tulipomuuliza, alisema arusi itatafutiwa kingine. Viti ulivyoviona nje tumeviazima kwa majirani, na majirani wamekuja pamoja na viti vyao. Nao uwakaribishe.

TULIKOTOKA

Kituo kilianza mwaka 1969 katika chumba kimoja nyuma ya ghala la dawa. Kazi yetu ni kujua ugonjwa unakula nini katika nyumba ya mtu na katika mfuko wa nchi, ili wanaoamua wajue waanzie wapi: kwenye maji safi, kwenye chanjo, au kwenye vitanda. Tunayoyaona tunayaandika katika jarida letu. Siku hizo liliitwa Jarida la Afya Katanga.

Watu wa elimu hii, wakati ule, walihesabu vitanda, dawa na mishahara ya waganga. Walifanya hivyo Ulaya, walifanya hivyo Nairobi, na sisi tulifanya hivyo hivyo. Aliyetutoa katika njia hiyo ni mwenzetu mmoja, na kwa ruhusa yako risala hii itakaa sana juu yake, kwa sababu ukimjua yeye umetujua sisi.

Alizaliwa Kasenga, kando ya Luapula, nyumba ya mkausha samaki aliyebatizwa Antoine. Kwa hiyo shuleni na kazini aliitwa Madeleine Antoine, jina lake na jina la baba yake. Alikuja kwetu akiwa kijana, mkali wa maswali, mvivu wa salamu.

Siku moja alitumwa hospitalini kuuliza bei ya dawa. Uani alimkuta mama mmoja wa Lukafu, Mama Feza, anafua shuka za mume wake. Mama huyo alikuwa gardimaladi, yaani yule ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, anayempikia na kumwosha. Mume alikuwa amepasuliwa mguu na siku ile walikuwa wanaruhusiwa kwenda.

Madeleine akampa pole na hongera pamoja: "Mama, Mungu asifiwe, bwana amepona."

Mama Feza akakamua shuka, akasema: "Bwana yangu ameisha kupona, ni bya kweli. Lakini mvua ilinyesha, na miye nilikuwa hapa. Sikupanda hata muhindi moja. Ugonjwa ilitoka mu muguu yake, ikaingia mu shamba."

Madeleine alirudi ofisini bila bei ya dawa. Citoyen Mkurugenzi alimkemea, tena kwa haki. Yeye akasema: "Tumehesabu mugonjwa mumoja, kumbe bagonjwa iko babili." Kuanzia siku hiyo alizunguka wodi zote akiuliza, si kuhusu wagonjwa, bali kuhusu waliokaa chini ya vitanda: wameacha kazi gani, nani analisha watoto, msimu gani umewapita. Makala yake ilitoka mwaka 1971. Ilisema wazi kwamba matibabu yanayoitwa ya bure si ya bure kwa mke wa mkulima, na kwamba asiyemhesabu gardimaladi hajahesabu ugonjwa. Alichukua maneno ya Mama Feza akayafanya kichwa: Ugonjwa Ulioingia Shambani.

Tuliituma kwa posta nje ya nchi, kwa vyuo na hospitali tulizozijua. Halafu kimya.

Citoyen Kamishna, mwaka uliofuata nchi yetu ilitutaka tuitane Citoyen na Citoyenne, yaani ndugu mwananchi, tuyaache majina ya ubatizo na kurudi kwa mababu. Tulirudi. Madeleine Antoine akawa Mwaba Kapya: Mwaba la bibi yake, Kapya la babu yake. Hakununa. Alicheka, akasema bibi yake sasa amepata kazi ya ofisi naye hajui kusoma. Mkoa nao ulikuwa umekwisha kuitwa Shaba, na jarida likawa Jarida la Afya Shaba. Tulibadili mhuri, tukabadili jalada, tukaendelea na kazi.

YALIYOTUPATA

Hapa inatubidi tueleze jambo la kazi yetu. Mwandishi akitumia wazo la mwenzake, humtaja jina chini ya ukurasa. Kutajwa huko ndiko wanakopimia jarida: linasomwa, au linafunika meza tu. Mwaka jana ilikuja kamati ya kuyapima majarida yote. Karatasi zimekuwa haba tangu bei ya shaba ianguke, na ilipasa kuamua nani apewe na nani akose. Kamati ilitafuta Jarida la Afya Shaba katika maandiko ya nje, haikuliona. Ilitafuta Mwaba Kapya, haikumwona. Ikaandika kwamba hatujulikani popote, na kwamba karatasi yetu ipewe wengine.

Sisi pia tuliamini hivyo.

Mwaba alibadilika. Alikuwa wa kwanza kufika, akawa wa mwisho. Alianza kusema habari za shamba lake la Annexe, pembeni mwa mji, kama mtu anayejiandaa kuhamia huko. Kulthumu akamuuliza kulikoni, akajibiwa: "Miye minaandika, ni sawa muntu anasemea mu chungu."

Kulthumu akamwambia: "Basi semea na nguvu. Chungu itapasuka."

Alicheka kidogo, lakini makala aliyokuwa anaiandika aliifungia kabatini.

Mwezi wa tisa ukafanyika mkutano wa waganga na wachumi hapa mjini. Wageni walitoka Zambia, Uganda na Tanzania. Siku ya mwisho, ukumbi umejaa, viongozi wa chama wamekaa mstari wa mbele, akasimama mgeni kutoka Dar es Salaam, Daktari Habiba Salehe, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Ndugu zangu," alisema, "mmenilisha vizuri na mmenifundisha mengi. Lakini siwezi kupanda gari moshi la Ndola kurudi kwetu kabla sijamwona Bi Madeleine Antoine. Kwetu, anayeandika juu ya gharama za ugonjwa siku hizi, humtaja yeye kwanza. Yu hai? Yuko wapi?"

Daktari Habiba hakujua kwamba ameita jina lililoachwa kwa amri, tena mbele ya viongozi wa chama. Wengine walitazama dari. Citoyen Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Mwaba alikuwa mstari wa tatu. Alitueleza baadaye kwamba kwanza alisikia furaha imempanda kifuani kama maji ya moto, na papo hapo hofu ikaja juu yake. Aliwaza kukaa kimya na kumfuata mgeni nje, barazani, wakiwa wawili. Kisha akawaza: nikitoka nje kujitaja kwa kunong'ona, nimekubali kwamba sipo.

Akasimama, akasema ndiye yeye: "Njo miye."

"Nani?" Daktari Habiba hakusikia.

"Madeleine Antoine njo miye. Leo ninaitwa Mwaba Kapya. Muntu ni mumoja."

Mgeni alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akamshika mikono yote miwili. "Wewe! Nasi tulidhani umeacha kuandika, au umetutoka. Mwenzangu, hospitalini kwetu tumejenga jiko la wanaouguza, na ndugu wanapokezana zamu ili mmoja asikose msimu mzima. Wazo ni lako."

"Na haukuniambia?"

"Nimekuambia kila mwaka, chini ya ukurasa!"

Watu walipiga makofi, Citoyen Kamishna, hata mstari wa mbele. Hilo tunalisema kwa sababu ni kweli.

Na hili nalo ni kweli, afadhali ulisikie kwetu kuliko njiani: juma lililofuata vijana wa chama wa mtaa walimwita Citoyenne Mwaba aeleze kwa nini amelitaja hadharani jina aliloliacha. Alieleza. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwonya, wakamwacha. Alirudi kazini, akafungua kabati, akaitoa ile makala.

TUNAYOJIVUNIA

Tulipojua jina la kutafuta, tulitafuta. Madeleine Antoine ametajwa Dar es Salaam, Kampala, Ibadan, na hata Ulaya, na waliomtaja wametajwa na wengine. Zamani, kila makala ya elimu hii ilianza na kitanda na kuishia na dawa. Leo waandishi wengi wanauliza kwanza: na anayemuuguza, amepoteza nini? Mkondo huo una chanzo chake. Chanzo ni ua wa kufulia wa hospitali ya Lubumbashi. Hatujui kama kuna mji mwingine wa nchi yetu ambao umewafundisha wenye elimu hii kuhesabu upya. Na makala ile ya kabatini, inayohusu wauza samaki wa Kasenga na kichocho, imekamilika.

SHIDA NA OMBI

Tuliirudia kamati. Ilitupokea vizuri, ikatujibu kwamba kwa utaratibu wake kazi ya jina moja haiwezi kuandikiwa jina jingine. Basi kwa karatasi za nchi, Mwaba Kapya bado hajulikani, na jarida letu litafungwa mwisho wa mwaka.

Citoyen Kamishna, hatuombi kurudishiwa majina ya zamani. Mwaba hataki. Bibi yake, anasema, ameizoea ofisi. Tunaomba tu mstari mmoja mdogo, chini ya jina la mwandishi, useme aliitwaje alipoandika mara ya kwanza; na mstari mmoja chini ya jina la jarida. Msomaji wa Ibadan anayemtafuta Madeleine ajue mlango ni huu, na ndani yuko Mwaba. Heshima yote anayopewa yule ije kwa huyu, na kwa Zaire.

Toleo jipya liko mbele yako, chini ya kile kitambaa cheupe. Tumekwisha kulipiga chapa, na mistari hiyo imo. Citoyenne Mwaba alitaka liwekwe jina lake la zamani tu, akasema kama kuna adhabu ni yake peke yake. Ndipo Citoyen Mukuka, wa hesabu, aliposema, "Andika na yangu." Wote waliokuwa na jina la zamani wakaliweka chini ya jina la sasa, kwa herufi ndogo, hata Citoyen Mkurugenzi. Nakala zote ziko katika sanduku. Hatujagawa hata moja. Tunangoja neno lako, na lolote utakalolisema, utalisema kwetu sote.

Mungu akurudishe nyumbani salama, awape afya watoto wako na wanaowalea, na siku ukiugua, usikose wa kukaa karibu nawe, wala yeye asikose wa kumkumbuka.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Kituo cha Uchumi wa Afya, Lubumbashi:

Mwaba Kapya, zamani Madeleine Antoine
Mukuka Mwansa, zamani Edouard Mwansa
Kapya Ilunga, Mkurugenzi, zamani Laurent Ilunga
na wenzao wote

Imepigwa taipu na Kulthumu binti Amadi, na kusomwa na Yuma Alimasi. Hawa wawili ni Waislamu, hawakuwa na jina la ubatizo la kuweka. Waliomba wapewe kazi ya kuandika na ya kusoma, ili nao wawemo.