Dole Saba za Zubeir Redio

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Sharifa, pale minibasi za Nyanza-Lac zinapongojea abiria. Sharifa anauza mawese na kahawa ya tangawizi, na kutukaripia anatukaripia bure. Nuhu, tunayemwita Antena, anafungua simu za watu na kuzifunga, mara nyingi zikiwa zimebaki skrubu mbili mezani. Leonsi ni Komisere, ingawa hajawahi kuvaa hata kofia ya polisi. Anapenda kuhoji tu. Pembeni hukaa Zubeir Redio, fundi wa mota za mashua, na Jumatano ile nafasi yake ilikuwa tupu. Wiki iliyotangulia alikuwa kazini Nyanza-Lac. Tulijua amerudi, kwa sababu Komisere alimwona sokoni, akasalimiwa kwa mkono mmoja na kupitwa. Na tangu Jumatatu alfajiri simu zetu zote zilikuwa na maneno yale yale: Zubeir ametoka kwenye grupu. Grupu lenyewe ni la watu wanane wa benchi hili. Mimi jamaa yangu nilimkumbuka, na hilo silifichi.

Komisere: Bon. Nauliza tena. Nani alimukosea?

Sharifa: Usiniangalie mimi. Hata sukari namuwekea tatu.

Antena: Hakuna mutu alimukosea. Ni aplikasyo ya simu. Iko na tabia ya kujisafisha. Inaangalia nani ni muzito, inamutoa. Na Zubeir na zile vokale zake, ujumbe wa sauti wa dakika saba! Zinaweza kuzamisha mashua.

Sharifa: Basi ingenitoa mimi na mapicha yangu ya harusi.

Antena: Picha ni nyepesi. Sauti ndiyo nzito.

Nikamuuliza sauti ina kilo ngapi. Antena akapuliza kahawa yake kwa muda mrefu kuliko joto lake.

Komisere: Mimi naona ingine. Hii kitu inatusikiliza. Imemusikiliza Zubeir miaka mitatu, imejua anavyokohoa, imejua anavyocheka. Sasa iko na Zubeir yake ndani. Huyu wa nyama hana kazi tena.

Sharifa: Aka! Na huyo wa ndani atatengeneza mota?

Komisere: Polepole. Ataanza na taa.

Sharifa: Na kahawa atakunywa kwa wapi?

Komisere: Ndiyo hiyo faida. Hanywi.

Antena: Ngojeni, ngojeni, nimekumbuka! Ni dole, ile alama ya kidole gumba. Vokale yake ya mwisho ilipata dole saba. Grupu muzima! Hapa nani amekwisha kupata dole saba? Mutu akipendwa hivyo, aplikasyo inamuhamisha. Inamupeleka kwa grupu ya wakubwa, kule Bujumbura. Pengine hata Ulaya.

Sharifa: Ndiyo maana alipita sokoni na kiburi!

Komisere: Kabisa. Salamu ya mukono mumoja ni ya wakubwa.

Tukaanza kumkasirikia Zubeir kwa kupandishwa cheo bila kutuaga. Pale ukingoni mwa benchi alikuwa amekaa dada mmoja mwenye begi, akisubiri minibasi ijae. Alikuwa amejitambulisha kwa jina la Eliana, amekulia Tanzania, sasa anaishi Nyanza-Lac. Muda wote alikuwa akitusikiliza kwa hamu.

Eliana: Samahani, wakubwa zangu. Huo ujumbe uliopata dole saba, alisema nini?

Antena akamtazama Komisere. Komisere akatazama barabara.

Antena: Ilikuwa ndefu.

Komisere: Mimi siku hiyo nilikuwa na mambo.

Sharifa: Mimi naweka dole kwanza, asione tumemunyamazia. Kusikiliza ni jioni.

Eliana: Na jioni ulisikiliza?

Sharifa akageukia birika. Mimi pia dole langu nililiweka nikiwa nakula, kwa mkono wa kushoto, nikaendelea na ugali. Hivyo ndivyo tulivyozoea: Zubeir anaongea, sisi tunaweka dole, kila mtu ana amani.

Sharifa alifuta mikono kwenye kitenge, akatafuta ule ujumbe wa Alhamisi, akaufungua kwa sauti ya juu.

“Amahoro, ndugu zangu,” ilianza sauti ya Zubeir. Akatusalimia wote kwa majina. Akaeleza upepo wa ziwani, akaeleza dagaa wa ndagala walivyoadimika, akaeleza mota moja yenye ubishi. Dakika ya tano akakohoa.

“Basi, Jumapili saa kumi, pale nyumbani, tunasoma hitima ya mama. Mwaka umetimia. Kujeni wote. Leonsi, na wewe kuja, mama alikuwa anakupenda. Sharifa, usibebe kitu, siku hiyo ukae upikiwe. Niko mbali, sitaweza kupigia mutu mumoja mumoja. Mwenye kuja aniwekee dole tu, nijue tunapika sahani ngapi. Murakoze, asanteni.”

Sauti ikaisha. Chini yake dole zilikuwa palepale, saba, na Jumapili hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda.

Minibasi ilipiga honi. Eliana akabeba begi lake, akaaga taratibu, na hakutuuliza lingine. Niliona haya hata kumtazama.

Antena: Nimutumie vokale? Ya kuomba samahani?

Sharifa alimkazia macho mpaka simu ikarudi mfukoni.

Sharifa: Tunaenda kwake, kwa miguu. Sasa hivi.

Komisere: Tukifika, tutamwambia nini?

Sharifa alifunga kibanda asubuhi ile, jambo ambalo sijawahi kuliona, akabeba chupa ya kahawa na vikombe: vinne vyetu, na cha tano ameshakitia sukari tatu.